Mchonga Mawe na Orodha ya Maneno Ishirini

Kwa miaka thelathini na moja fundi alichonga Kiingereza bila kujua hata salamu yake. Wateja walimletea karatasi, naye akaiga herufi moja moja juu ya jiwe la kaburi kwa patasi na nyundo. Mkono wake ulisifika. Kilichomkera ni wapita njia kumuuliza, "Hapa umeandika nini, fundi?" Alikuwa akijibu, "Muulize marehemu," kisha anainama upesi asionekane uso.

Alipofikisha miaka hamsini na nane, mkewe alichoka kumsikia akinung'unika. "Baba watoto, darasa la Kiingereza la watu wazima lipo pale shuleni kila Jumamosi alasiri. Nenda. Au unaogopa madawati?"

Madawati yenyewe yalikuwa ya watoto. Magoti yalikaribia kidevu. Mwalimu alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake. Wiki ya nne aligawa orodha ya maneno ishirini: vita, mazishi na misukosuko ya siasa. Mama mmoja muuza vitambaa akaguna. "Mwalimu, hata kuomba maji hatujui, umeshatuzika?"

"Ndiyo maneno ya kwenye habari, mama. Mtayasikia kila siku."

Fundi alipoitazama ile orodha moyo ulimruka. Nusu ya maneno yale mikono yake ilikuwa inayafahamu. "Buried", yaani amezikwa, alishalichonga mara zisizo na idadi. "Exile", yaani uhamishoni, mara mbili. Ilikuwa kama kutambulishwa kwa majirani aliopishana nao miaka yote. Ila matamshi yalimtoa jasho. Mwalimu aliandika "coup" ubaoni, akasema ni mapinduzi, na hutamkwa "kuu".

"Na hiyo p ya mwisho?" fundi akauliza.

"Haitamkwi."

"Basi imepinduliwa."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akajifunika uso kwa daftari.

Nyumbani mkewe alimsaili huku akipiga pasi. "Amani?"

"Pisi. P, e, a, c, e."

"Si umesema kuna pisi nyingine?"

"Hiyo ya i kabla ya e ni kipande. Usinichanganye, mama."

Jumatatu alikuja karakanani bwana mmoja mrefu, amevaa suti, mkononi ana karatasi iliyopigwa chapa. Baba yake, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amefariki kwa uzee. Fundi aliipokea, akampa pole, akaanza kupima mistari kwa penseli. Alipofika mstari wa mwisho mkono uligoma: "He died in piece."

Akasoma tena kwa kidole.

"Samahani, mzee. Neno hili si amani. Ni kipande."

"Wewe unanifundisha mimi Kiingereza? Ndugu wote watano tumeipitia!"

"Sikufundishi, baba. Ila jiwe halina kifutio."

Yule bwana alimpigia simu dada yake, akamsomea herufi kwa herufi. Sauti ilitoka kwenye simu hadi fundi akaisikia: "Mungu wangu! Baba alirudi kutoka vitani mzima mzima, leo sisi tumzike kipande?" Ndugu wawili wale wakacheka, kicheko chenye machozi ndani yake. Bwana alijipangusa, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Andika ulivyosema wewe."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake fundi alichonga neno akijua linasema nini. Alikwenda polepole, akilitamka kwa sauti ya chini kila patasi ilipogonga, na vumbi jeupe likimjaa kwenye nyusi.

Mtihani wa ile orodha alipata kumi na saba kwa ishirini. Orodha iliyofuata ilikuwa ya vyombo vya jikoni, na hapo alianguka vibaya. Mkewe hana simile: kila wageni wakija huwaambia kwamba mume wake anaweza kusimamisha vita kwa Kiingereza, ila kijiko hawezi kuomba. Fundi hucheka kuliko wageni wote.