Mlio Ambao Mama Hakuutambua

Leo mama yangu mzazi kanifungia mlango, jamani.

Kisa ni kamshafti, kile chuma kinachofungua valvu za injini. Ya Landrova ya marehemu baba ilikwisha. Fundi wangu hapa Kibiti akaniwekea mbili mezani. "Hii mlio uleule wa zamani. Hii ina nguvu, ila gari litanguruma vingine."

Mimi na tope la Mohoro, njia ya kwa mama! Nikachukua ya nguvu, wala sikujiuliza.

Sasa, mama huwa simpigii simu nikienda. Tangu enzi za baba, akiisikia ile injini darajani anabandika wali. Ukifika unakuta sufuria inatokota.

Leo nimefika na mngurumo wangu mpya.

Mlango umefungwa. Moshi hakuna.

"Hodi, mama!"

Akachungulia dirishani. "Kumbe wewe? Nimedhani wageni, nikaingia kutafuta mtandio."

Akatoka, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mama, kesho nairudisha kwa fundi. Aweke ile nyingine."

"Aka, ya nini? Hebu nenda mpaka darajani, urudi. Taratibu, nisikie vizuri."

Nyie, nimekwenda. Mtu mzima, peke yangu garini, naendesha polepole kama nimebeba mayai, machozi yananitoka. Nichekeni tu, ruksa.

Nilipoingia tena uani, mama alikuwa jikoni anachochea moto, sufuria ishabandikwa.

Hata hakugeuka.

"Nimekusikia, mwanangu."