Siku Mzungu Alipozunguka Nyumba

Juu ya cherehani ya Kalondu, ambaye mtaa mzima wa Gatina, hapa Kawangware, unamwita Mama Mbithi, kumebandikwa kalenda ya mwaka 1998. Msimcheke. Aliikuta chini ya belo la makoti ya mitumba, kalenda ya michezo ya Marekani, na tarehe zake zilirudi zenyewe mwaka 2009, zikarudi 2015, na mwaka huu wa 2026 zimerudi tena, Jumatano kwa Jumatano.

Miaka ya katikati kalenda hiyo haikukaa bure. Kila mraba una jina la mchezaji aliyezaliwa siku hiyo, kwa herufi nyekundu, na Mama Mbithi aliyatumia majina hayo kugawia watu siku za kuzaliwa. Watu wa rika lake waliotoka Kitui na Machakos wengi walizaliwa nyumbani, na vitambulisho vyao vinaonyesha sifuri mbili, sifuri mbili, halafu mwaka. Mchezaji aliyecheza misimu miwili akasahaulika, siku yake inajulikana. Mwanamke aliyeshonea nusu ya Kawangware sare za shule, yake haijulikani. Hilo linaniudhi, na sina mpango wa kuacha kuudhika.

Yeye hakuudhika, alichukua hatua. Ukija na suruali ya kupunguzwa, anakuuliza: ulizaliwa wakati wa mvua au kiangazi? Mama yako alikuwa anapanda au anavuna? Kisha kidole kinapita juu ya miraba. Musau, fundi wa kuchomelea vyuma, alipewa tarehe kumi na saba Januari, siku ya Muhammad Ali, na tangu hapo hajakubali kushindwa hata kwenye drafti. Celine wa mboga alipewa Juni ishirini na tatu, siku ya Wilma Rudolph, aliyefungwa chuma mguuni utotoni kisha akashinda dhahabu tatu za mbio kule Roma. Celine huapa kwamba goti lake lilipona siku hiyo hiyo. Ngazi bado anazipanda akilalamika.

Mama Mbithi mwenyewe hakuwa na siku. Alikataa kujigawia.

"Hizi ni za kuazima," alisema. "Mimi nilizaliwa siku yangu. Iko mahali. Naitaka hiyo."

Alichokuwa nacho ni hadithi tu. Mama yake alikuwa mpishi wa misheni moja huko Kitui. Asubuhi moja ya mwaka 1960, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa, uchungu ulimshika jikoni. Hapo hapo mmisionari, mzungu mkimya mwenye kofia nyeusi iliyoandikwa P, aliacha redio yake akatoka mbio. Akaizunguka nyumba, akagusa pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akaingia jikoni akampa mpishi mkono. Kalondu alizaliwa kabla jua halijawa kali. Kwa miaka mingi alisimulia kisa hicho ili watu wacheke wazimu wa mzungu.

Mwezi uliopita alikuja Fadul, Mnubi mwenye nyumba za kupangisha Kibera, kuchukua kanzu yake. Haikuwa tayari. Akiwa anangoja, akaanza kusoma yale maandishi madogo chini ya majina mekundu, ambayo Mama Mbithi hakuwahi kuyajali kwa sababu hayakuwa na mtu aliyezaliwa. Alifika Oktoba kumi na tatu.

"Mwaka 1960," akasoma, "Pittsburgh yaishinda New York kwa pigo la mwisho. Bill Mazeroski anapiga mpira nje ya uwanja." Akatikisa kichwa. "Besiboli hiyo. Mwanangu Hadia alinipeleka kuiona nilipomtembelea Amerika. Mtu akiupiga mpira ukatoka, anazunguka pembe nne, anazigusa zote, anarudi alikoanzia. Wazee wazima wanalia."

Mguu wa Mama Mbithi ulisimama juu ya pedeli.

"Rudia hapo pa pembe, Baba Hadia."

Akarudia. Kisha akaulizwa kama Pittsburgh inaanza na P, naye akasema inaanza na P.

Musau aliyekuwa mlangoni akasema, "Basi mathe, kumi na tatu. Imeandikwa."

"Tulia wewe," Fadul akamwambia. "Nikimpigia Hadia saa nne usiku, kwao ni saa tisa mchana. Huo mpira ulichezwa mchana. Kitui kulikuwa usiku, watu wamelala. Huyo mzungu alizipata habari asubuhi yake."

"Sasa unataka kuishinda kalenda?"

"Kalenda ni ya Amerika. Mama Mbithi alizaliwa Amerika?"

Walibishana mpaka Mama Mbithi mwenyewe akainua mkono. Mama yake, alisema, alikuwa akijuta kitu kimoja: kwamba uzazi ule ulimkosesha maombi ya akina mama ya Ijumaa. Fadul akatoa simu, akairudisha kalenda yake nyuma miaka sitini na sita, akiguna kila muongo. Oktoba kumi na nne, 1960. Ijumaa.

Mama Mbithi akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Hiyo ni kanzu yangu," Fadul akasema.

"Nitaifua."

Jumatano hii, tarehe kumi na nne, cherehani ilinyamaza. Tulimtoa nje akaizunguka ploti. Pembe ya kwanza ina mtaro, ya pili ina kuku wa Celine, ya tatu akamkuta Boaz, mlinzi, asiyejua kinachoendelea, akamwambia asogee. Ya nne aliigusa kwa viganja viwili. Mlangoni Fadul alikuwa amenyoosha mkono kwa heshima zote.

"Ngoja, kalamu kwanza," Mama Mbithi akasema, akampita.

Mraba wa tarehe kumi na nne tayari una mwenyewe, John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu. Mama Mbithi akaandika KALONDU kwa herufi kubwa, na alipoona nafasi inaisha, akamwambia kocha abanane kidogo.