Kambale Aliyenivuta Nikiswalisha

Watu wa msikitini kwetu hunipisha njia, na wajukuu zangu husema babu ni mtu wa haya, na mie huwaacha waendelee kusema hivyo, maana wengi wao hawajui kwamba enzi za Mwingereza nilipata aibu mbele ya macho ya watu ambayo mtu mwingine angehama mji. Aliyekuwa akiisimulia kila mahali alikuwa Mzee Maganga, naye ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, kwa hiyo zamu ya kuisimulia imenirudia mwenyewe. Nawaomba tu mcheke polepole.

Wakati huo nilikuwa kijana, fundi seremala Keko, nimehitimu msahafu na kusoma vitabu kidogo vya fikihi, na moyo wangu wote ulikuwa kwa Mwanaidi, binti wa Mzee Shomari wa Temeke. Mzee Shomari alikuwa akiswalisha katika msikiti mdogo wa makuti, mtu mkavu, hacheki ovyo, na katika dunia hii alikuwa na starehe moja tu, kuvua samaki Mto Kizinga. Mjomba wangu alipokwenda kunipelekea posa alilijua jambo hilo, na kwa kutaka nionekane wa maana akasema, pamoja na sifa nyingine (baadhi zilikuwa za kweli), kwamba mpwa wake naye ni mvuvi hodari. Mie nilikuwa sijapata hata kuushika mshipi. Mzee Shomari hakukubali wala hakukataa, alisema tu nipelekwe Jumamosi tukavue pamoja, anitazame, kisha atatoa jibu.

Basi Jumamosi ikafika, nazo zilikuwa siku za kipupwe, upepo wa kusi umekaza tangu alfajiri, na baridi ile ambayo watu wa bara huicheka lakini sie wa pwani huivalia makoti. Tulikuwa wanne. Mzee Shomari alikuja na rafiki yake Mzee Maganga, na mie nilimchukua Athumani, tuliyekuwa tukifanya naye kazi karakana moja, ili kama ni kufa nisife peke yangu. Wazee wale walikuwa watani, mmoja Mzaramo na mwingine Mnyamwezi, na njia nzima kutoka Temeke hawakunyamaza: Mzee Maganga akisema Wazaramo huvua samaki kwa sababu jembe linawashinda, na Mzee Shomari akijibu kwamba kuna watu walitembea kutoka Tabora na mizigo kichwani ili waje waone samaki anafananaje.

Wazee walivaa misuli na makoti makuukuu. Mie nilivaa kanzu mpya nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, maana niliambiwa nakwenda kutazamwa, nikataka kitazamike kitu. Mzee Maganga aliponiona aliniuliza kama nimekuja kumvua samaki au kumuoa.

Asubuhi yote wazee wanatoa samaki, mie natoa majani. Ndoana ikikosa kukwama kwenye mizizi, chambo kinaliwa. Nikirusha mshipi, upepo unanirudishia usoni. Mara moja ndoana ilinivua kofia yangu mwenyewe ikaitupa mtoni, na Athumani akaifuata kwa fimbo huku akijifanya anakohoa. Vidole vilikufa ganzi. Nilipoulizwa hali ya huko kwangu nilisema samaki wa leo wanaogopa baridi. Mzee Shomari alinitazama, akatia chambo kingine kwenye ndoana yake, na kule kutazamwa kulinitia baridi kuliko upepo.

Ndipo, jua limeshapinduka, mshipi wangu ukaanza kutikisika. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana hakika kama wenyeji wapo. Na wakati huohuo Mzee Shomari akatazama kivuli chake, akasema adhuhuri imeingia. Wazee wakavuta mishipi yao, wakaikunja, wakatia udhu kwa maji yale ya barafu na kutandika mikeka. Mie nilitia udhu mshipi wangu nimeukanyaga. Nikajua nitasimama nyuma kabisa, pembeni, na hakuna atakayeniona. Lakini Mzee Shomari akanigeukia.

"Sogea mbele, kijana, utuswalishe."

Hapo nikaelewa kwamba kuvua kote kule kulikuwa kisingizio, na kutazamwa kwenyewe ndiyo kwanza kunaanza. Adhuhuri huswaliwa kimya, kwa hiyo hakutaka kuisikia sauti yangu (ambayo nilikuwa nimeinoa wiki nzima), alitaka kuuona utulivu wangu. Kama ningeuvuta mshipi nikaukunja kama wenzangu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilikuwa sijapata hata dagaa, na samaki yuko pale, ananigusa. Nikainama kama mtu anayenyoosha pindo la kanzu, nikaufunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, mafundo mawili ya kiseremala, kanzu ikafunika, nikajiambia kwamba riziki nayo hutoka kwa Mungu yuleyule.

Sasa lazima niwaeleze tulivyosimama. Kwetu kibla kiko kaskazini, na mto pale ulikuwa kusini, yaani nyuma yetu. Mie niko mbele. Nyuma yangu safu moja ya watu watatu, Mzee Shomari, Mzee Maganga na Athumani. Nyuma yao, hatua chache za tope laini, kisha maji. Mshipi ulipita katikati ya wazee wawili, umelala kwenye majani, hauonekani. Na ng'ambo ya mto walikuwako wanawake wanaoosha mihogo, wameacha kazi kututazama, maana hawajaona siku nyingi kanzu nyeupe namna ile matopeni.

Rakaa ya kwanza ilipita salama, samaki anadokoa tu. Ya pili, nikiwa nimesimama, akaumeza. Nyie mtacheka, lakini kidole gumba cha mguu kina uchungu wake, na anayekivuta akiwa kambale mwenye nguvu, mtu huenda anakovutwa. Nikarudi hatua moja. Nikasimama imara, nikaendelea kusoma, nikashukuru kwamba hatua moja haibatilishi swala. Kumbe nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua, kwamba maamuma, yaani anayeswali nyuma, haruhusiwi kumtangulia imamu wake. Wazee walipoona imamu anawajia mgongo mgongo, wakarudi hatua moja nao.

Samaki akavuta tena. Nikarudi, wakarudi. Kila nilipotulia nilisikia nyuma yangu nyayo zinatulia pia, na kila mara zilitua kwa mlio wa tope zaidi. Rakaa ya tatu, nikiwa nimesujudu, mguu wangu ulinyooka wenyewe kwenda nyuma, nikahisi umegusa kilemba cha mtu. Rakaa ya nne nilisikia maji yanachezewa, nikadhani ni samaki. Hakuwa samaki, alikuwa Mzee Maganga. Wazee wawili wenye heshima zao, watu waliozika na kuozesha nusu ya Temeke, wanaswali ndani ya Mto Kizinga, maji ya kifundo cha mguu, na baridi ile, kwa sababu yangu. Upepo nao ukainua pindo la kanzu yangu, Athumani akauona mshipi, akaangua kicheko, na swala yake ikaishia hapo.

Tulipokaa tahiyatu ya mwisho nilikuwa nimekaa juu ya tope tupu, kidole ambacho kinatakiwa kielekee kibla kinaelekea mtoni, na jasho linanitoka katika upepo ule. Nikatoa salamu ya kulia. Nikageuka kushoto, na kabla sijaimaliza kambale akaamua kwenda kwao. Niliteleza kwa makalio, kinyumenyume, nikapita katikati ya baba mkwe na mtani wake kama mtumbwi unaposhushwa, nikazama mpaka kifuani. Ng'ambo wanawake wakapiga vigelegele.

"Chunusi!" Mzee Maganga akapiga kelele. "Chunusi kamchukua bwana harusi!"

Yeye kweli aliamini ni yule jini wa majini anayewavuta watu, akaanza kusoma kila dua anayoijua, na akanishika kwapa kunitoa. Nami, nikiwa natetemeka na kanzu imenigandia mwilini, nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nikikubali kwamba ni chunusi, nitaonewa huruma, nitapelekwa nyumbani, nitapikiwa uji, na labda Mwanaidi mwenyewe ataukoroga. Athumani alikuwa akinikonyeza nikubali. Nikikanusha, posa imekwisha. Mzee Shomari alikuwa anakamua pindo la msuli wake, ananisubiri niseme.

Nilifungua mdomo niseme ni chunusi. Lakini udhu wa swala ile ulikuwa bado mbichi usoni kwangu, na uongo haukutoka.

"Si chunusi, mzee," nikasema. "Nimefunga mshipi kidoleni." Nikainua mguu wakauona.



"Nimeuona," akasema Mzee Shomari. "Tangu sijida ya rakaa ya tatu. Ulipita mbele ya pua yangu."

Mzee Maganga akamgeukia. Akamuuliza kama aliuona kwa nini alinyamaza, maana yeye alikuwa akifuata tu, imamu anarudi, na yeye anarudi, mpaka akawa anajiuliza kama leo imenuiwa waswalie majini kama viboko.

"Swalani niseme nini?" akajibu Mzee Shomari. "Nilinuia mufaraka, nikaendelea na yangu. Tangu hapo alikuwa anakuswalisha wewe na samaki."

(Mufaraka ni kwamba maamuma aliyepata udhuru hunuia moyoni kuachana na imamu, akaimalizia swala yake peke yake bila kuivunja. Ni sheria nzuri. Sikupata kudhani kuna siku itatumika dhidi yangu.)

"Kama ulikwisha kumwacha, mbona uliendelea kurudi nyuma?"

"Alikuwa ananikalia kichwani, Maganga."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nikaanza kulifungua fundo ili niondoke na aibu yangu, lakini lilikuwa limekaza kwa maji, na kambale bado yuko, anavuta. Mzee Shomari akachutama, akalifungua mwenyewe kwa kucha, akauzungusha mshipi mkononi mwake.

"Huyu nitamshika mie," akasema. "Nyie watatu nendeni mkarudie swala yenu."

Tukapanda juu, mbali na tope. Mzee Maganga akaswalisha, huku akinung'unika kwamba Mzaramo kamwingiza mtoni, na Mzaramo huyohuyo swala yake imesihi na ya Mnyamwezi haikusihi. Mie na Athumani nyuma yake, mie meno yanagongana. Nikanuia, na safari hii sikuwa na chochote mwilini ila maji.

Tulikuwa rakaa ya pili nilipoanza kusikia vurugu huko nyuma. Kwanza maji yakipigwa. Kisha Mzee Shomari akimwita Maganga, na Maganga ni imamu, hakujibu. Akamwita Athumani. Akaniita kwa jina, "Hamisi!" Kisha nikasikia kishindo kikubwa cha mtu kuingia majini, na sauti imebadilika kabisa.

"Mkwe! We mkwe, njoo, ataniponyoka huyu!"

Ndugu zangu, neno lile nilikuwa nimelisubiri miezi. Nililisikia mpaka kwenye nyayo. Kila kiungo changu kilitaka kugeuka, kumsaidia, na kuhakikisha kwamba ni mimi niliyeitwa. Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayegombana na samaki, si ya mtu anayezama, na nilikwisha kuvutwa swalani mara moja siku ile, ikatosha. Nikabaki nilipo. Nikarukuu taratibu, nikasujudu taratibu, nikazitoa salamu zote mbili mpaka mwisho, kisha nikakimbia kama mwizi.

Tulimkuta baba mkwe amekaa majini, maji ya kifua, koti limempanda mpaka masikioni, amemkumbatia kambale mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mtu na samaki wote wawili wanahema. Tukawatoa wote pamoja. Nilitaka kuuliza nikaogopa, na aliyeniulizia alikuwa mtani wake.

"Ulimwita nani mkwe?"

"Nilimwita aliyekuwa karibu."

"Aliyekuwa karibu nilikuwa mie."

Mzee Shomari akamtazama, akamtazama kambale, akanitazama mie na kanzu yangu ya tope, kisha akacheka. Alicheka mpaka akamwachia samaki majanini, na Athumani ikabidi amkalie asirudi mtoni. Nilikuwa sijayaona meno yake tangu nimjue.

Mjomba alipokwenda kusikia jibu aliambiwa kwamba mpwa wake si mvuvi hata kidogo, asirudie kuwadanganya watu wazima, na siku ya ndoa itajwe. Mwanaidi nimeishi naye kwa furaha mpaka leo, alhamdulillahi, na alinicheka tangu usiku wa kwanza, maana wanawake wa mihogo walifika Temeke kabla yetu. Mzee Maganga naye, mpaka anakufa, kila niliposogea kuswalisha hakuwa akinuia mpaka kwanza ainame aitazame miguu yangu.

Mie sikukasirika. Kabla ya kusema Allahu akbar hujiuliza leo nimejifunga kitu gani, na mara nyingi kipo: paa linalovuja, mjukuu mwenye homa, neno la mtu lililoniudhi. Namwomba Mola anifungulie, na hunifungulia. Na samaki, tangu siku ile, nanunua sokoni.