Mayasa na Burhani Likizoni Umbria

Mayasa alipika, mumewe Burhani akakaa kaunta, na mgahawa wao wa Doornfontein, Johannesburg, ukajaa Watanzania tangu chai ya asubuhi hadi wali wa jioni. Wao wenyewe waliongea kwa kupitia wateja.

"Mwambieni mwenye jiko chumvi imezidi," Burhani alikuwa akisema.

"Mwambieni mwenye kaunta aje apike yeye," Mayasa alikuwa akijibu, na watu wakicheka.

Haukuwa utani. Mama yake Mayasa alipofariki Tanga, simu ilipigwa kwa Burhani. Ilikuwa Ramadhani inaelekea ukingoni, oda za Idi zimefurika, naye akaifungia habari ile kifuani mpaka sikukuu ikapita. Mayasa alipoambiwa, hata matanga yalikuwa yamekwisha. Hakupiga kelele. Aliacha tu kumtazama mumewe usoni.

Binti yao Chiku, aliyeolewa Italia, hakuyajua hayo. Mwaka 2017 akawatumia tiketi. "Mama, nyinyi mumechoka. Kuja mupumzike tu," alisema kwa Kiswahili chake cha mtoto wa Joburg. Aliwapangia nyumba ya wageni shambani, huko Umbria, akaahidi kuwafuata mwisho wa wiki akitoka kazini Roma.

Ilikuwa nyumba ya mawe katikati ya mizeituni. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kijiji cha kale juu ya kilima, kimezungukwa na ukuta. Asubuhi ukungu ulilala chini, na kengele za kanisa zikasikika kwa mbali. Mayasa aliona jambo moja tu: hapakuwa na mteja. Palikuwa na meza, mkate, mafuta ya zeituni, na Burhani anatafuna.

"Mkate mgumu kama tofali," Burhani alisema.

"Unaniambia mimi?"

"Kuna nani mwingine hapa?"

Siku iliyofuata walipanda kijijini. Vichochoro vilikuwa ngazi tupu, na magoti ya Burhani hayakupenda ngazi. "Punguza mwendo, mwanamke!" Mayasa akauongeza. Alipita vyungu vya maua madirishani na wazee waliokuwa wakicheza karata, asigeuke nyuma. Burhani alifika juu kabisa, ukutani alikosimama Mayasa, akihema na kutokwa jasho.

"Unataka nife huku?"

"Ungekufa, watu wangeambiwa siku hiyo hiyo."

Burhani alielewa. Alijifuta uso taratibu. "Na ungekwenda Tanga, maiti angefufuka?"

Watalii waliokuwa wakipiga picha walisogea kando. Mayasa alishika jiwe la ukuta kwa mikono miwili. "Niache, Burhani. Nipe talaka yangu hapa hapa."

"Sikuachi. Nani atapika?"

Kila asubuhi Mayasa alitoka peke yake, akafuata njia ya vumbi katikati ya mizabibu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nguo zake hazikunuka vitunguu. Mwili ulipumzika kweli, ila moyo ulizidi kuwa mgumu. Chiku alipofika, alimkuta mama anakula uani na baba ndani.

"Kuna nini?"

"Muulize baba yako."

"Muulize mama yako."

Chiku aliuliza hadi akalia. Hakuna aliyembembeleza.

Waliporudi Johannesburg, Mayasa hakuingia jikoni. Alibeba masufuria yake hadi Troyeville, kwa msusi Mkongo aitwaye Masika, aliyempa chumba cha nyuma, akawa anapika na kuuza humo. Burhani akasambaza kwamba mkewe kala nguruwe Italia na kanywa mvinyo. Wengine wakaamini, wakaacha kula kwa Mayasa.

Mambo yakafika kwa shehe. Shehe alimuuliza Burhani swali moja: habari ya msiba aliipata lini, na alimwambia mkewe lini? Burhani akaanza kueleza juu ya oda za Idi. Aliishia njiani, kwa kuwa hata rafiki zake mwenyewe aliokuja nao walikuwa wameinamisha vichwa. Mayasa akamwekea mbele bangili za mahari ili ajikomboe, Burhani akazichukua, na ndoa ikaisha.

Wakikutana sokoni, kila mmoja huchagua nyanya zake bila salamu. Chiku hupiga simu kuuliza kama hasira zimepoa. Mayasa humjibu hazijapoa, ila siku hizi usingizi anaupata.