Kamera ya Kumpata Kakakuona

Yusrah alikuwa amepiga picha harusi nyingi za Kilosa mjini, na hakuna bibi harusi aliyewahi kumkimbia. Sasa Kondo, mjomba wake wa Zombo, alitaka ampigie picha mnyama ambaye hata majirani wa msitu wengi hufa bila kumwona.

"Mwisho wa mwezi tunapiga kura," alisema Kondo baada ya kuitikia shikamoo yake. "Wenzangu kijijini wanataka kufyeka msitu walime ufuta. Nikawaambia mle yumo kakakuona, nimemwona. Jirani yangu Jilala akaniambia nipunguze pombe, na anajua sinywi. Basi nimeapa: nisipoleta picha, nitanyoosha mkono pamoja nao."

Yusrah alichemka. Msitu mzima, chemchemi na vyote, usubiri mikono ya watu ambao vichwani mwao tayari wameona magunia ya ufuta. Lakini hasira haikumwambia atumie kamera gani. Yake ililia kama kufuli kila alipobonyeza, na flashi yake ingemtimua hata tembo.

Akaenda Mikumi kuazima vifaa. Elia, dereva wa watalii, alimtolea lenzi ndefu kama mchi.

"Kwa hii unamhesabu simba meno akiwa ng'ambo ya mbuga."

"Msituni kuna ng'ambo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa nimekuonyesha lenzi nzuri, dada yangu."

Grace, msaidizi wa watafiti, alimwonyesha visanduku viwili vya kufunga kwenye mti, vinavyopiga picha vyenyewe vikihisi mwili wenye joto umepita. Kimoja kilikuwa na mwanga mweupe, picha zake za rangi, lakini huenda ungemtisha mnyama. Kingine mwanga wake hauonekani, ila picha hutoka za kijivu.

"Na magamba ya kakakuona yana joto la kutosha?" Yusrah aliuliza.

Grace alifikiri. "Swali zuri," akasema.

Yusrah alichukua cha kijivu. Hakuwa amekielewa kuliko vingine. Hicho tu ndicho ambacho hakikumtaka akeshe porini, wala hakingemtisha mnyama.

Kwa mazoea ya harusi alikifunga kwenye mti wa msitu wa Zombo, usawa wa kifua. Walipokwenda na Kondo kuangalia, walipata picha za majani na kofia ya Jilala akipita na panga. Akakishusha hadi usawa wa goti. Alipogeuka, Kondo alikuwa anapanga vitu mbele ya kamera: maji katika kibuyu kilichokatwa, unga katika ungo, panga chini.

"Mjomba, hapa si studio."

"Kakakuona haangaliwi bure. Anawekewa vitu achague. Akifuata maji, mwaka wa mvua. Unga, mavuno. Panga, vita. Wewe fanya yako, mimi nafanya yangu."

Safari ya pili picha ilikuwepo. Moja tu: mgongo wa magamba katikati ya maji na unga, kichwa kimezama kwenye majani. Yusrah alirukaruka peke yake msituni, kisha akaenda kuichapa kubwa.

Mkutanoni hakuna aliyecheka. Hakuna pia aliyetaja msitu.

"Anafuata maji huyu," mmoja akasema.

"Maji wapi? Tazama mkia, anaelekea kwenye unga."

"Mkia unaonyesha alikotoka, mzee wangu."

Jilala aliigeuza picha juu chini. "Mbona kama analirudia panga?"

Yusrah alikuwa amejiandaa kusema juu ya vyanzo vya maji, sheria, na watoto watakaozaliwa. Hakuona pa kuyapenyeza. Aliwaletea mnyama, wao wakaona mvua. Alitaka kukasirika, akashindwa kujua amkasirikie nani.

Hatimaye Mathayo, mwenyekiti wa kijiji, alisimama. "Hatuwezi kulima mahali ambapo tumeambiwa jambo na hatujalielewa. Ufuta usubiri."

"Mpaka lini?" akauliza Jilala.

"Mpaka achague tena, waziwazi." Akamgeukia Yusrah. "Binti, hakuna kamera itakayotuonyesha kwa uhakika?"

Kisanduku kilekile kingeweza kupiga video, ikaonyesha mnyama anakokwenda. Ilikuwa kubadilisha mpangilio tu. Yusrah alitazama nyuso zote zilizomgeukia.

"Msituni, mwenyekiti, uhakika ni mgumu."

Akakaa, asijue kama ameutetea msitu au ameudanganya mkutano. Mikono ya kuahirisha ilikuwa imeshaanza kunyooshwa.