Miaka sita napigana kutetea mdomo wa rafiki yangu muonja asali, siku ya daktari wa meno nikaumbuka mimi

Wakuu habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, hapa hapa Tabora mjini. Huyo rafiki yangu nimemsomea yote kabla ya kuposti, akaniambia weka, usipunguze. Kwa hiyo atakayekuja kusema hii ni chai, namsubiri hapa hapa.

Naandika nikiwa na mzuka bado, nikiruka ruka mnisamehe.

Iko hivi. Mimi naendesha guta la mizigo. Mzigo wangu mkubwa ni ndoo za asali, nazitoa stendi nazipeleka ghalani kwa Bi. Zainabu, mama mmoja wa mjini anayenunua asali kwa warina wa huko Ulyankulu na vijiji vya jirani, halafu anawauzia watu wa mikoa mingine.

Pale ghalani kuna mtu anaitwa Maganga.

Huyu ndiye mwamba wangu. Nilivyofika mjini sina pa kulala, Maganga alinitandikia mkeka chumbani kwake nikakaa mpaka nikasimama. Nilivyougua taifodi alinifulia mpaka nguo za ndani. Sasa mtu wa hivyo ukimsema vibaya mbele yangu, mimi na wewe hatuna mazungumzo. Tunashikana.

Kazi ya Maganga ni kuonja asali.

Msicheke, ni kazi kweli. Ndoo ikifika anachovya kijiti, anaweka ulimini, anafumba macho, anaizungusha mdomoni taratibu. Akifumbua anakwambia hii imepikwa, hii imerinwa kabla haijaiva, hii imekula moshi, hii imechanganywa na sukari ya kuchemsha. Hiyo ya sukari ndiyo anaikamata hata iwe kidogo vipi. Msimu ukichanganya anaonja ndoo thelathini, arobaini kwa siku. Akisema "rudisha", inarudi, hata kama mwenye ndoo ni shemeji yake Bi. Zainabu.

Sasa kosa lilipo ni hapa, someni vizuri.

Waonjaji wana miiko yao. Maganga kazi kairithi kwa mjomba wake, na mjomba alimwachia masharti: msimu wa asali hupigi mswaki asubuhi, dawa ya meno inaua ulimi. Na ukishaanza kuonja husukutui maji mpaka jioni, maji yanafuta ladha. Jioni yenyewe mtu kachoka, anapiga ugali wake anaanguka kitandani.

Ukimuuliza, meno je? Anakwambia asali ni dawa, toka lini dawa ikaozesha jino.

Na mimi pembeni naitikia! Tena kwa kelele, kama nimesomea.

Wakuu, nikubali tu. Mdomo wa Maganga ulikuwa unanuka. Siyo ile ya asubuhi ya kila mtu, hapana. Inanuka mpaka ukiongea naye unatafuta upepo unatokea wapi ndiyo usimame. Miaka sita nilisimama upande wa upepo. Sikumwambia hata siku moja. Niliona ukimwambia mtu wako kitu kama kile umemvunjia heshima.

Wengine walijaribu. Pale ghalani kuna mpakiaji anaitwa Hamisi. Siku moja katika utani wao wa mchana akasema Maganga akikaribia mzinga, nyuki wanahama wenyewe bila moshi. Watu wakacheka. Maganga naye akacheka, alidhani anasifiwa ufundi.

Mimi sikucheka. Nilimvaa Hamisi tukaangukia ndoo, asali ikamwagika sakafuni, tukawa tunapigana huku tunateleza na kunatana. Bi. Zainabu alinifukuza siku tatu nisikanyage pale.

Toka siku ile hakuna aliyetamka neno "harufu" ghalani. Nikajiona nimeshinda.

(Mdau wa hapo chini unayeuliza kwani mke wake hakumwambia: hana mke. Na kwa nini hakuwa na mke, mimi sasa hivi najua, na wewe umeshajua.)

Twende.

Msimu uliopita jino la Maganga likaanza kuuma. La juu, kushoto, kule nyuma. Huku kwetu tumbaku iko kila kona, na ukiuliza dawa ya jino kila mzee atakutajia hiyo. Maganga akachukua kipande cha jani kavu, akakifinyanga, akakishindilia kwenye tundu. Maumivu yakatulia.

Na ulimi nao ukafa ganzi kwa ile tumbaku. Hilo hakulijua.

Mzigo ukaenda kwa mnunuzi. Baada ya wiki ukarudi. Ndoo kumi na moja zina sukari, na zote Maganga alizipitisha kwa kijiti chake mwenyewe.

Bi. Zainabu hakufoka, ningependa angefoka. Alimkalisha kwenye stuli akamwambia, "Maganga mwanangu, mimi sina mashine. Mashine yangu ni ulimi wako. Ukifa huo, na jina langu limekufa."

Akampa mtihani. Baada ya wiki mbili atampangia ndoo kumi, nzuri na mbovu. Akikosea, kijiti anapewa Hamisi.

Hamisi yule yule!

Wakuu damu ilichemka. Nikajiambia huyu ndiye aliyetia sukari ili apate kazi. Sikuuliza mtu. Nikamfuata nyuma ya ghala nikamkunja shati. Hamisi hata mkono hakuinua. Akaniangalia akasema, "Nipige. Halafu ukimaliza mpeleke mwenzio hospitali, maana lile shavu litamuua."

Nikageuka.

Maganga alikuwa kaegemea ukuta, shavu limeumuka kama andazi, jicho la upande ule limeanza kufumba. Nilikuwa naye toka asubuhi. Macho yangu yote yalikuwa kwa Hamisi.

Nikaachia shati.

Kumpeleka sasa, kasheshe. Maganga kagoma. Anasema uking'oa jino la juu jicho linakwenda na jino. Halafu ile sindano ya ganzi itamuua ulimi moja kwa moja, bora afe nao ukiwa mzima. Nimembembeleza, nimemtukana, nimemtishia kumbeba kwenye guta kama gunia la mpunga. Wapi.

Nikatoa ya mwisho. Nikamwambia twende, nitakaa mimi kwanza kwenye kiti, uone kama nakufa.

Niliongea kwa kujiamini sababu meno yangu nilikuwa nayatambia. Mimi ni wa kujifundisha mwenyewe, kila kitu najifunza kwenye simu. Nilikuwa nasaga mkaa, nachanganya na chumvi, nakamulia limao, nachukua mswaki mgumu kuliko yote dukani, nasugua kama nasugua sufuria iliyoungua. Meno meupe! Nilikuwa nacheka hata mahali pasipo na kichekesho.

Tukafika kliniki ya meno. Daktari ni dada mmoja mtu mzima, ana lafudhi ya Kisukuma, anaongea taratibu huna hata pa kugombania. Akauliza mgonjwa nani. Nikasema mimi, kwa mfano.

Nikalala kwenye kiti. Akawasha taa, akaingiza kioo chake kidogo. Namsubiri anisifie.

Hasifii.

Kioo kikaenda nyuma, kikarudi, kikaenda tena. Akawa anamtajia msaidizi namba, yule anaandika. Namba zikawa nyingi mpaka nikaanza kuzihesabu.

"Kaka, unapiga mswaki kwa kutumia nini?"

Nikamwelezea fomula yangu yote, mkaa mpaka limao. Akasikiliza hadi mwisho. Akaniambia nimejikwangua. Ile ngozi ngumu ya nje ya jino nimeila kwa limao na mswaki mgumu, fizi zimerudi nyuma na zinatoka damu, na huko ambako mswaki wangu wa fujo haufiki kumejaa ukoga na matundu mawili.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Na hii harufu unayo muda gani?"

Wakuu.

Harufu. Mimi.

Nikamtazama Maganga. Anaangalia dari.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka mkeka."

"Kwa nini hukuniambia sasa?"

"Ungenipiga," akasema. Akafikiri kidogo. "Au ungetoka ukampige mtu mwingine."

Niko chali kwenye kiti, taa usoni, kidole cha daktari bado kiko shavuni. Nikaona na mimi nitoe langu, nikamwambia na wewe unanuka Maganga, toka mkeka huo huo, na yule Hamisi siku ile hakukusifia ufundi.

Akaanza kucheka, na lile shavu lake, anashika taya kwa mikono miwili anasema usinichekeshe naumia, na machozi yanamtoka. Na mimi nikaanza. Daktari kasimama na kioo chake anatusubiri tumalize.

Yaani watu wawili, miaka sita, kila mmoja anasimama upande wa upepo kwa ajili ya mwenzake.

Baada ya hapo Maganga alipanda kwenye kiti mwenyewe.

Nifupishe matibabu. Jipu lilikuwa limeshaanza, kwa hiyo alipewa dawa kwanza uvimbe ushuke, siku chache mbele jino likang'olewa. Ganzi ilikaa masaa machache ikaisha, ulimi ukarudi pale pale. Jicho linaona, juzi tu kaniona kwa mbali nakunywa soda yake. Matundu mengine mawili yalizibwa. Na mimi yangu mawili yakazibwa, ukoga ukakwanguliwa.

Kilichonifurahisha ni daktari hakuucheka ule mwiko wa mjomba. Alimuuliza maswali mpaka akaielewa kazi. Ndipo akamwambia, asali iwe dawa ya kifua au ya kidonda, kwenye jino ni sukari inayonata, na wewe unailaza mdomoni kutwa bila kuiosha. Mswaki laini, dawa yenye floraidi, usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo ni maji matupu tu. Asubuhi piga ukiamka tu, mpaka ndoo zifike ladha ya dawa imeshaondoka. Na kati ya ndoo na ndoo sukutua maji, tema.

Maganga hakuamini. Mimi nikasema tutapima. Siku tatu mfululizo anapiga mswaki saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu namletea vijiko vya asali, anaonja kafumba macho. Siku ya kwanza anaogopa. Siku ya pili anarudia kijiko kile kile. Siku ya tatu akaniambia, oya, hivi hii asali ina maua haya siku zote?

Alikuwa anaonja vitu ambavyo hajawahi kuvionja. Miaka yote ile alikuwa anaonja asali juu ya asali ya jana!

Siku ya mtihani sasa. Ghala limejaa watu. Ndoo kumi zimefunikwa, namba zimeandikwa kwa chaki. Maganga akaingia na kikombe cha maji. Wazee warina walivyoona anasukutua, wakaguna. Mmoja akasema kwa Kinyamwezi maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, "rudisha". Bi. Zainabu anaangalia karatasi yake, uso hausomeki. Ya nne mpaka ya sita akazipitisha. Ya saba, "rudisha". Ya nane, nzuri.

Ya tisa akasimama. Akaonja. Akasukutua. Akaonja tena. Mimi mikono yote iko kichwani.

Akasema, "Hii asali ni safi, haina sukari. Ila ndoo iliwahi kuwekwa mafuta ya alizeti, haikuoshwa."

Bi. Zainabu akakunja karatasi. Hiyo haikuwepo kwenye mtihani wake. Akapiga simu kwa mrina mwenye ndoo, sauti nje, wote tunasikia. Yule baba akakohoa kidogo, akasema kweli mama, ndoo aliazima kwa jirani mkamua alizeti. Ya kumi nayo Maganga akaipatia, hakukosea hata moja.

Aliyeanza kupiga makofi ni Hamisi. Naandika jina lake hapa kwa heshima: Hamisi.

Bi. Zainabu hakuhutubia. Alichukua kijiti mezani akamrudishia Maganga mkononi.

Siku hizi pale ghalani kuna jagi la maji na kikombe pembeni ya ndoo. Nyuma ya mlango kuna chaki: tarehe yetu ya kurudi kwa daktari, kila miezi sita, jina langu na la Maganga. Juzi nikakuta na jina la Hamisi limeongezwa. Nilishamuomba radhi, akanijibu asali ya siku ile haijawahi kutoka kwenye ile suruali.

Nilichojifunza: nilidhani namlinda mtu wangu, kumbe nilikuwa nalinda jino bovu. Kila niliyemnyamazisha alikuwa na ujumbe ambao ungemsaidia Maganga mapema, pengine na lile jino lingebaki. Na hasira zangu ndizo zilizofanya na mimi nisiambiwe. Msingoje shavu liumuke, nendeni mkaangaliwe hata kama hakuna panapouma. Na mkaa na limao acheni kabisa, mimi ndiye mfano.

Haya, tiririkeni. Nani hapa ana rafiki anayemsimamia upande wa upepo? Mtamwambia lini?

Na kama upo Tabora, umewahi kunipa mzigo kwenye guta langu ukageuza uso, sema tu. Mikono nimeiweka mfukoni.