Posa na Hesabu ya Wingu

Nilirudi Kengeja kwa likizo kutoka chuoni bara nikiwa na mambo mawili kichwani: hesabu ya mawingu ya chembe huko mbinguni, na mwanamke wa Wambaa ambaye tulikwisha kukubaliana naye. La kwanza hakuna aliyeniuliza, mpaka lilipoingia kwenye la pili.

Mjomba alipeleka posa. Bibi aliyemlea yule mwanamke akasema jibu litatoka baada ya kupimwa nyota zetu, na maadamu mimi nasomea nyota, nije nizipime mwenyewe. Kwetu Pemba hilo si la kuchekwa. Majina ya wanaotaka kuoana na ya mama zao huhesabiwa kwanza, ndipo watu wakazungumza harusi.

Tukaenda, mimi na mjomba, tukakaa barazani. Pazia la mlangoni lilikuwa likitikisika, na upepo haukuwapo.

"Haya baba, tupimie," alisema Bi.

"Hesabu yangu haijui majina ya watu, Bi. Siwezi."

Akamgeukia mjomba. "Kaona kitu kibaya. Anatustahi tu."

Nilipandwa na hamaki. Nimesema kweli, na kweli yenyewe inaniharibia! Nikaanza kueleza, haraka kuliko ilivyofaa. Chembe tele zimejikusanya wingu moja huko mbinguni, hakuna chungu wala ukuta wa kuzizuia. Kila moja inazivuta nyengine zote. Mvuto ungekuwa peke yake, zote zingeangukia katikati. Mbio zao zingekuwa peke yake, chembe zingetawanyika. Kazi yangu ni kutafuta pale viwili hivyo vinapotoshana.

"Na ukishapaona, ndo basi?"

"Hapana, Bi. Kutoshana kwengine ni kwa jina tu. Tunalisukuma lile wingu kidogo, kwenye hesabu, tukaangalia. Likirudi lilivyokuwa, litadumu. Likizidi kwenda, basi halikuwa kitu."

Pazia likatulia. Bi akatuagiza kahawa, tukanywa, tukaondoka.

Siku ya pili ikaja habari kwamba posa imekataliwa, na sababu haikutajwa. Sababu niliijua, au nilidhani naijua: nyota mbaya ambayo sikuiona. Niliumia. Nilikaa na karatasi zangu, kila hesabu ikinitoka kombo. Mjomba akanambia wanawake wapo, hata kisiwani Makoongwe wapo, nikamjibu maneno ambayo sikuwahi kumjibu. Mama alinisihi nisijidhalilishe, kwani mtu mwenye haya zake harudi mlango aliokataliwa.

Likizo ilipokaribia kwisha, baada ya sala ya Ijumaa, nikapanda lori la abiria, nikashuka njiani na kumalizia kwa miguu hadi Wambaa. Nilikwenda peke yangu, bila mshenga. Aibu niliihisi mpaka masikioni.

Bi alikuwa anamenya muhogo. Nikamwamkia.

"Nimekuja kuposa tena, Bi. Nyota sizijui. Mjukuu wako namtaka."

Akaweka kisu chini. "Karejea," alisema kwa sauti, na hakuwa akisema na mimi; alikuwa ameelekea pazia.

Sikufahamu. Nikamuuliza kama bado ana wasiwasi na ile nyota.

"Nyota gani? Mie nshaisahau." Akauchukua tena muhogo wake. "Alosema tukusukume kidogo si mie, baba. Yumo ndani humo, na tangu siku ile kula hali."